Mguu wa injini ya boti usiliwe

Nilidhani adui ni chumvi tu, hadi nikakuta mguu wa injini yangu (sehemu ya chini inayozama majini) una vishimo kama umetafunwa na panya. Boti ilikaa gatini miezi, imechomekwa umeme wa nchi kavu kama za majirani. Mkondo mdogo wa umeme ukipita kati ya boti zetu majini ukala alumini ya mguu. Chomoa waya wa umeme wa nchi kavu betri ikishajaa. Vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye injini huliwa kwanza badala ya mguu: vibadilishe vikibaki nusu, wala usivipake rangi (mimi nilivipaka, eti vipendeze!). Ukirudi, suuza injini ndani kwa maji matamu kama dakika 10, kisha inua mguu wote utoke majini. Kitundu cha kutemea maji kikitema kidogo, kizibue kwa waya mwembamba.