Somo: Mafunzo endelevu kwa wanaowatathmini madereva waliohukumiwa kwa ulevi

Ndugu wanachama, salaam aleikum.

Kila leseni zetu za kazi zinapokaribia kuhuishwa, washauri nasaha, wanasaikolojia na maafisa wa probesheni wa hapa Mombasa huniuliza swali moja: ni mafunzo gani yanayomfaa mtu anayeletewa dereva aliyepatikana na hatia ya kuendesha gari akiwa mlevi, na saa za mafunzo hayo ziandikwe vipi ili zikubaliwe? Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, hata kwenye foleni ya feri ya Likoni. Sasa naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza tukubaliane kuhusu kazi yenyewe. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamhusu dereva aliyelewa kileo au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari barabarani. Hatia imekwisha kuamuliwa na hakimu, na sisi hatuulizwi kama mtu huyo alikosa au hakukosa. Tunaulizwa uhusiano wake na kileo ukoje, uwezekano wa kurudia kosa ni mkubwa kiasi gani, na ni msaada upi utakaomfaa. Mafunzo yasiyokusaidia kujibu moja kati ya maswali hayo matatu yanaweza kuwa mazuri, lakini si ya kazi hii.

Hatua ya kwanza. Soma waraka wa bodi inayokupa leseni, kwa sababu mwanasaikolojia, muuguzi na afisa wa probesheni hawahesabiwi saa kwa utaratibu mmoja.

Hatua ya pili. Fungua faili moja, na siku ile ile ya mafunzo uandike tarehe, saa, mada, jina la mkufunzi, na sentensi moja kuhusu jambo utakalolibadilisha katika tathmini yako ijayo.

Hatua ya tatu. Chukua ripoti zako tano za mwisho, uzisome kama vile zimeandikwa na mtu mwingine, kisha upige mstari kila mahali ulipoandika maneno kama "anaonekana" au "inawezekana" bila kueleza umejuaje. Mistari hiyo ndiyo orodha yako ya mafunzo. Mimi niligundua kwamba udhaifu wangu haukuwa katika elimu ya uraibu, ambayo nilikuwa nimeisomea mara tatu, bali katika kuzungumza na mke au mzazi wa dereva bila kumfanya ajione shahidi wa upande wa mashtaka.

Hatua ya nne. Kabla ya kulipa ada, muulize mkufunzi kama washiriki watafanya mahojiano ya majaribio, kama kuna atakayewasikiliza na kuwasahihisha, na kama kutakuwa na kikao cha ufuatiliaji baada ya wiki kadhaa. Ustadi wa mahojiano ya kuhamasisha, yale yanayomsaidia mtu atamke mwenyewe sababu zake za kubadilika, haudumu kwa warsha ya siku mbili peke yake. Hudumu pale mtu anaporekodi mazungumzo yake na kusahihishwa. Ukirekodi, pata kwanza idhini ya dereva kwa maandishi, kwani taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Hatua ya tano. Usihesabu mafunzo ya dodoso lolote kuwa yamekamilika mpaka umegeuza vipimo vyake kulingana na vyombo vinavyonywewa hapa kwetu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea. Nilihudhuria mafunzo ya AUDIT, dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 40 na ambalo alama 8 na zaidi huashiria unywaji wa hatari. Tulifundishwa kwa picha za glasi za mvinyo na makopo ya bia. Nilipewa cheti, nikaandika saa zangu, nikaridhika. Baada ya wiki chache nikaletewa dereva wa lori, mnywaji wa mnazi, aliyenieleza bila kuficha kwamba hunywa chupa tatu kwa kikao kimoja, mara mbili au tatu kwa wiki. Nikahesabu chupa moja kuwa kinywaji kimoja. Swali la kwanza likampa alama 3, la pili alama 1, la tatu, linalouliza ni mara ngapi mtu hunywa vinywaji sita au zaidi, likampa 0, na mengine yote yakaongeza 2. Jumla ikawa 6. Nikaandika kwamba hatari ni ndogo na kwamba darasa moja la usalama barabarani litatosha.

Sasa tufanye hesabu niliyopaswa kuifanya. Kinywaji kimoja katika dodoso hilo ni gramu 10 za alkoholi halisi. Chupa ya mililita 750, mnazi ukiwa na asilimia 5, ina mililita 37.5 za alkoholi. Zidisha kwa 0.79, ambao ndio uzito kwa gramu wa mililita moja ya alkoholi, nawe utapata karibu gramu 30, yaani vinywaji vitatu. Chupa tatu ni vinywaji tisa. Swali la pili linapanda kutoka alama 1 hadi 3, la tatu kutoka 0 hadi 3, na jumla inakuwa 11. Mtu yule yule, majibu yale yale, lakini ripoti nyingine kabisa. Miezi minne baadaye alirudishwa mahakamani kwa kosa lile lile. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Siwezi kudai kwamba ripoti sahihi ingemzuia, lakini najua kwamba ningependekeza vikao vya ushauri na ufuatiliaji, na kwamba sikuvipendekeza kwa sababu nilihesabu chupa badala ya kuhesabu kilichokuwa ndani yake.

Kwa hiyo nawaonya. Msichukue jedwali la vipimo la nchi nyingine, kwani kipimo cha Uingereza ni gramu 8 na cha Marekani ni gramu 14, na ukivichanganya hesabu yote inaharibika. Mnazi huendelea kuchacha tangu unapogemwa, na ule wa asubuhi si ule wa jioni. Ulizeni umegemwa saa ngapi na unanywewa saa ngapi, kisha mwandike makadirio ya chini na ya juu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 si kinywaji kimoja, bali inakaribia kimoja na robo tatu. Robo ya pombe kali, yaani mililita 250 zenye asilimia 40, ni karibu vinywaji vinane, hata kama mnywaji anaiita "robo tu". Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, haina lebo ya kuaminika, na kwa hiyo elezeni kiasi na dalili, msibuni asilimia. Mwisho, msibadilishe maneno ya maswali yenyewe. Mnachobadilisha ni kadi ya mifano ya vinywaji inayoambatana nayo.

Hatua ya sita. Tafuta mwenzako mwenye uzoefu mpitie ripoti moja kila mwezi, majina yakiwa yamefutwa.

Hatua ya saba. Wasilisha saa zako angalau mwezi mmoja kabla ya leseni kuisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mshauri nasaha, Bamburi: Ni wapi nitapata cheti cha saa 20 wikendi hii? Leseni yangu inaisha Ijumaa.

Mwandishi: Soma hatua ya saba. Saa 20 za mafunzo ya kweli haziingii katika siku mbili, nami sitamwelekeza mtu kwa wauza vyeti. Mwandikie msajili wa bodi yako leo umweleze hali yako.

Afisa wa probesheni, Shanzu: Shukrani kwa somo. Shida yangu ni kwamba dereva anajua ripoti inaenda kwa hakimu, hivyo anapunguza kila kitu. Je, dodoso lina faida gani ikiwa mtu anadanganya?

Mwandishi: Swali zuri sana, na tafadhali lifanye kuwa mada yako ya mafunzo mwaka huu. Dodoso halisimami peke yake. Tazama kipimo cha pumzi kilicho katika jalada la kesi. Tuseme dereva anadai alikunywa bia mbili saa mbili usiku, naye alipimwa saa sita usiku. Bia mbili zina karibu gramu 33. Mwili huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo baada ya saa nne pasingebaki kitu cha maana. Ikiwa kipimo kilisoma zaidi ya maikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, kiwango kinacholingana na miligramu 80 katika mililita 100 za damu, basi maelezo na kipimo havikubaliani. Usimwambie kwamba ni mwongo. Muoneshe hesabu kwa upole, unyamaze, umwache azungumze. Tazama pia polisi walieleza nini kuhusu hali yake: mwenye kipimo kikubwa anayetembea na kuzungumza vizuri huenda mwili wake umezoea kileo, na hilo ni jambo zito kuliko kuyumbayumba.

Mwanasaikolojia, Nyali: Naona unatudharau. Mahakama inataka kurasa mbili, hakuna hakimu anayeuliza gramu.

Mwandishi: Sijamdharau mtu, nimeeleza kosa langu mwenyewe. Gramu haziandikwi kwa ajili ya hakimu. Zinaandikwa ili pendekezo lililo katika kurasa zako mbili liwe na msingi, na wakili akikuuliza umelifikiaje uwe na jibu.

Muuguzi, Changamwe: Mwalimu, madereva wengi wanaotoka bandarini hutafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, ili wasisinzie, kisha hunywa pombe ili walale. AUDIT haiulizi muguka. Tufanyeje?

Mwandishi: Ahsante, dada, umegusa jambo ambalo mafunzo mengi huliacha. Muguka una kathinoni, kichangamshi kinachokaribiana na amfetamini. Kinaondoa usingizi, lakini hakiondoi athari ya kileo katika uamuzi na wepesi wa mikono, hivyo dereva hujiona mzima kuliko alivyo. Jifunze kutumia ASSIST, dodoso jingine la Shirika la Afya Duniani, linalouliza kuhusu tumbaku, kileo, bangi, vichangamshi, dawa za usingizi, afyuni na nyinginezo, nalo lina nafasi ya kutaja kitu kwa jina lake. Uliza pia mpangilio wa siku nzima: anatafuna saa ngapi, anaacha wapi, anakunywa nini ili alale, na anashika usukani tena baada ya saa ngapi. Tangu marufuku ya muguka iliyotangazwa na kaunti Mei 2024 na kupelekwa mahakamani, nimeona baadhi yao wakiogopa kuutaja. Mweleze kwanza kwamba hujaja kutafuta kosa la pili.

Mwanafunzi wa ushauri nasaha, Kisauni: Je, kozi za mtandaoni za nchi za nje zina manufaa kwetu, au ni kupoteza fedha?

Mwandishi: Zina manufaa ukijua la kuchukua na la kuacha. Ujerumani, dereva aliyepatikana na kiwango cha alkoholi cha 1.6 kwa elfu au zaidi katika damu hupelekwa kwa uchunguzi wa kitabibu na kisaikolojia kabla ya kurudishiwa leseni, na humo utajifunza jinsi wanavyopima kama mabadiliko ya mtu yamekita mizizi. Uingereza, mahakama inaweza kumpa dereva nafasi ya kozi ambayo akiimaliza hupunguziwa muda wa kufungiwa leseni. Jimbo la Illinois, Marekani, huwagawa madereva katika ngazi za hatari, na kila ngazi ina saa zake za elimu au matibabu. Chukua namna yao ya kuhoji na ya kupanga ushahidi, lakini viwango vyao vya kisheria usivinukuu katika ripoti ya mahakama ya Mombasa. Ukiendelea na moyo huo wa kuuliza, nitumie ripoti yako ya kwanza ya mazoezi tuipitie pamoja.

Mshauri, Mji wa Kale: Nyongeza ndogo. Dereva akiletwa mwezi wa Shawwal atasema kwa ukweli kabisa kwamba hajanywa kwa mwezi mzima, kwa sababu ya Ramadhani. AUDIT inauliza kuhusu mwaka. Mimi humtaka anisimulie Rajabu na Shaabani, miezi miwili inayotangulia Ramadhani.

Mwandishi: Shukran sana, ndugu yangu. Na uulize pia siku za kwanza za mfungo zilikuwaje. Aliyetetemeka mikono au kukosa usingizi alipoacha ghafla anahitaji kuonwa na daktari, si darasa.

Mtaalamu wa maabara, Tudor: Kuna kipimo cha damu cha CDT kinachoonyesha unywaji mkubwa wa wiki mbili au tatu zilizopita. GGT, kimeng'enya cha ini, nayo hutumika, ila hupanda kwa magonjwa mengine ya ini pia.

Mwandishi: Nakubali, na ndiyo maana hakuna hata kimoja kinachopaswa kusomwa bila mahojiano. Ukiweza kuandaa kikao cha saa mbili kuhusu vipimo hivyo, mimi wa kwanza kujiandikisha.

Afisa wa probesheni, Shanzu: Nimefuata hatua ya tano. Nilikwenda mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, na jagi lenye alama, nikajaza maji katika mboko tatu, vile vibuyu vya kunywea mnazi. Moja imechukua mililita 600, nyingine 850, nyingine 1,100. Niandike ipi?

Mwandishi: Usiandike hata moja mpaka dereva aichague. Nunua mboko tatu kama hizo, bandika nambari chini ya kila moja, uziweke mezani wakati wa mahojiano. Mwambie aishike anayoizoea, aonyeshe kwa kidole mnazi hufika wapi, kisha ujaze maji hadi hapo na upime mbele yake.