Kigamboni: panga masika moja kwanza, ndo ununue kiwanja

Watu wengi wananiuliza wafanyeje wapate kiwanja Kigamboni, huku ng'ambo ya Dar es Salaam, na mi kabla ya yote huwa nawaambia kitu kimoja tu, njoo upange huku kwanza. Chukua hata chumba kimoja, kaa masika yote, Machi mpaka Mei, halafu ndo uanze kutafuta. Najua inauma kulipa kodi wakati hela ya kiwanja unayo na kila mtu anakwambia bei inapanda, ila kodi ya miezi 3 ni ndogo sana ukilinganisha na mamilioni yako kuzama kwenye bwawa.

Mi niliponea hapohapo. Mwezi wa 12 dalali alinipeleka eneo fulani pembeni ya Kibada, pamekauka vizuri, mchanga mweupe, upepo wa bahari unapiga, mita 20 kwa 20, bei nzuri mpaka nikaanza kuhesabu tofali kichwani. Kilichoniokoa ni choo cha jirani. Ukuta wake haujapigwa plasta, na ulikuwa na mstari wa tope kavu umenyooka kama umepigwa kamba, unanifika magotini kabisa, chini ya mstari tofali zote za kahawia, juu yake ziko na rangi yake ya saruji. Kulikuwa na bibi anachambua mchicha pale nje, nikampa shikamoo nikamuuliza huu mstari wa nini, akasema "mwanangu hayo maji ya mwezi wa 4, sisi huwa tunapandisha vitanda juu ya tofali". Dalali akawa anavuta mkono wangu twende tukaone kingine. Nilirudi mwezi wa 4 peke yangu nikakuta bikoni zote, yaani vile vinguzo vya mipaka, ziko chini ya maji na watoto wanaelea kwenye beseni.

Kwa hiyo ukiwa unatembea site usiangalie kiwanja tu, angalia kuta za majirani, angalia choo, na uliza wenyeji hasa akina mama maana wao ndo wanaoshinda nyumbani mvua ikinyesha. Dalali hakai pale.

Faida ya pili ya kupanga ni usafiri, hii watu wanaidharau kweli. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016 na tangu hapo mji umejaa, sensa ya 2022 wilaya ilikuwa na watu zaidi ya 300,000, lakini asubuhi yako inategemea unafanya kazi wapi. Ukifanya Posta au Kariakoo pantoni, yaani kivuko, ndo njia yako, kuvuka kwa miguu ni shilingi 200 ila kuna siku utakaa kwenye foleni pale mpaka jasho likauke. Ukifanya kazi Temeke au Buguruni utapita darajani, na ukiwa na gari kuna tozo, zilipunguzwa 2022 na unaweza kulipia kwa wiki au kwa mwezi, ila bado ni hela ya kila siku, iandike kwenye mahesabu. Jaribu mwezi mzima, toka saa 11 na nusu alfajiri kama mtu wa kazi kweli, usiende Jumapili saa 4 na gari la rafiki yako ukasema mbona karibu.

Sasa umekaa, umepajua, unataka kununua. Hapa ndo pa kutulia.

Huku kuna ardhi za aina mbili ambazo zinaweza kupakana kabisa. Kuna viwanja vya mradi, yaani ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, Kibada, Kisota, Gezaulole na Mwongozo vipo, hivi vina bloku na namba na barabara zimeachwa. Halafu kuna mashamba ya watu yanayokatwa vipande, hayajapimwa, unapewa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa basi. Mi sisemi usinunue hayo ya pili, wengi wetu ndo tulikoanzia, ila lipa bei ya kitu ambacho hakijapimwa, usilipe bei ya mradi eti kwa sababu bloku ya jirani ina hati.

Chenye hati, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi kwa namba ya kiwanja, utaona jina la mmiliki na kama benki imekishika. Usikubali kopi ya hati aliyonayo muuzaji kwenye bahasha ikawa ndo ushahidi wako. Kisichopimwa, nenda mipango miji manispaa na uulize eneo lile limepangwa kuwa nini, makazi au shule au eneo la wazi. Wa Kigamboni tunajua uchungu wake, 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya ikasimamisha watu kuendeleza maeneo, na kuna familia zilikaa miaka zina msingi hawawezi kupandisha ukuta. Na barabara hivyohivyo, mkumbuke bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kiluvya, mwaka 2017, nyumba zilipigwa X nyekundu na nyingine zilikuwa ni za ghorofa, watu walikuwa wamejenga kwenye hifadhi ya barabara wengine bila kujua. Kiwanja cha ufukweni nacho, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka baharini ziachwe, kwa hiyo ukiambiwa "hapa unafungua mlango unakanyaga maji" we ondoka.

Muuzaji mwenyewe mchunguze pia. Kama ana mke au mume, mwenza wake asaini, akikwambia mke yuko mkoani basi msubiri mke arudi. Kama ni shamba la marehemu mzee wao, omba fomu namba 4 ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na hata ukiipata waite wale ndugu wengine waje wakae pale siku ya mauziano, kwa sababu kesi nyingi za huku zinaanzia kwa dada aliyeolewa mbali ambaye hakuambiwa. Mkataba aandike wakili wako wewe, sio wakili aliyeletwa na dalali. Hela ipite benki ili ibaki na alama. Na mkipima mipaka majirani wa pande zote 4 wawepo, piga picha kila bikoni na kitu kisichohama nyuma yake.

Maji na umeme kwa ufupi. Karibu na bahari visima vingi vina chumvi, onja maji ya jirani kabla ya kulipa mtu wa kuchimba, na uliza bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, limefika wapi kwa kuliona na macho yako na sio kwa "linakuja". Umeme tangu Januari 2022 bei ya kuunganishiwa mjini bila nguzo ni 320,960 na vijijini 27,000, kwa hiyo uliza mtaa wako uko kundi gani na nguzo ya mwisho iko umbali gani, nguzo zikiongezeka gharama inaruka.

Kujenga kwa sisi wa kipato cha kawaida ni kidogokidogo. Omba kibali cha ujenzi, halafu anza na chumba kimoja nyuma uhamie, maana ukikaa site wizi wa saruji na nondo unapungua na kodi unayoacha kulipa inakuwa tofali. Boma refu lisilo na bati likinyeshewa misimu mitatu linakula hela mara mbili.

Na uwekezaji, wengi wanakimbilia fremu za maduka barabarani, mi naona huku vyumba ndo vinalipa mapema. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kiko Kigamboni, wanafunzi wanatafuta vyumba karibu, na wafanyakazi wanaovuka kwenda mjini wanataka masta safi (chumba chenye choo na bafu ndani) yenye maji ya uhakika kwa bei nafuu kuliko mjini. Jenga vyumba 3 vizuri kuliko 6 vya kubana. Kila chumba weka mita yake ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, au angalau submita ya kuonyesha kila mmoja katumia kiasi gani, ugomvi wa umeme unafukuza wapangaji wazuri kuliko kodi kubwa. Kumbuka pia kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU kila mwezi, na hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni toka mwanzo utamrudishiaje mpangaji ile hela, andikeni kwenye mkataba, hata kama ni shilingi 1,500, kwa sababu mpangaji akiona unamheshimu kwenye hicho kidogo atakuletea mwenzake chumba kingine kikiwa wazi.

Ukishanunua usikiache kiwanja mpaka upate hela ya nyumba. Panda minazi au michongoma mpakani wiki hiyohiyo, jitambulishe kwa mjumbe, mpe jirani namba yako ya simu, na kila ukipita hesabu bikoni zako zote 4.