Njia ya skuli na nyumba ya jirani: kuzitengeneza kabla masika hayajaingia

Kazi za kijiji upande wetu wa Wete, kisiwani Pemba, zina wakati wake. Karafuu zikishaanikwa na kuuzwa, mvua za vuli zikishakatika, tunapata miezi miwili mitatu ya kaskazi ambayo udongo umekauka, bonde linapitika, na gari ya ng'ombe inafikisha mawe mpaka mlangoni kwa mtu. Ikifika katikati ya Machi masika yanaanza, na kila kilichoachwa wazi huliwa na maji. Mimi ni fundi muashi, na ni katibu wa kamati ya maendeleo ya shehia yetu, yaani eneo dogo kabisa la utawala huku Zanzibar. Haya ni maelekezo ya kuutumia muda huo mfupi, kwa njia na mitaro ya wote na kwa nyumba za wenzetu ambao peke yao hawawezi.

Anza kwa kupima. Usiende kwa Sheha, mkuu wa shehia, na maneno ya "njia yetu mbovu", kwa sababu hayo anayasikia kila siku na hana pa kuyaandika. Chukua futikamba, daftari na simu, mwende watu watatu: kijana wa kushika kamba, mwanamke anayepita njia hiyo na ndoo kichwani, na mzee anayejua maji yalikuwa yanapita wapi kabla nyumba hazijajengwa. Huyo mzee msimwache. Pemba ni vilima na mabonde, na maji ya mvua hurudi kwenye njia yake ya zamani hata ukiyajengea ukuta. Andikeni urefu wa sehemu iliyoharibika, upana, kina cha shimo, na nani wanaopita hapo. Picha zipigwe siku ya mvua, maji yakiwa yanapita. Picha ya Mei ndiyo inayofanya kazi Januari, kwa hiyo mwenye simu ajue mapema kwamba hilo ni jukumu lake.

Halafu mjue kitu ni cha nani. Barabara kuu ya lami ni ya Wakala wa Barabara. Njia za ndani, madampo na masoko ni mambo ya Baraza la Mji. Kwa wenzetu wa Micheweni ni Halmashauri ya Wilaya. Bomba la maji ni la ZAWA, Mamlaka ya Maji, na hata kama fundi wenu ni hodari asilikate bomba kuu kuunga mfereji mpya wa kutekea maji bila wao. Nguzo na nyaya ni za ZECO, Shirika la Umeme. Tangu umeme wa kebo kutoka Tanga ufike Pemba mwaka 2010, nguzo zimeingia hadi katikati ya migomba, na mtaro ukichimbwa karibu na mguu wa nguzo, mvua moja kubwa inatosha kuilaza. Waiteni kwanza, kisha mchimbe.

Mlango wa kwanza ni kwa Sheha, hata kama mna ndugu katika ofisi kubwa mjini. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na jambo lake hupanda kwa Mkuu wa Wilaya. Diwani mnamchagua wenyewe, na yeye ndiye mwenye kauli ndani ya Baraza. Mnawahitaji wote wawili. Nimeona ombi zuri likikaa mwaka mzima kwa sababu lilipelekwa kwa mmoja, na wa pili akalisikia barabarani. Mwombeni Sheha aitishe mkutano, na uwe baada ya sala ya alasiri, mapema, ili akina mama wawahi kurudi jikoni. Nalisisitiza hili la wakati kwa sababu mkutano wa usiku huwa wa wanaume, na mkutano wa wanaume huomba ukumbi wa kutazamia mpira kabla ya mfereji. Wanaobeba maji wakikaa mbele na wakapewa nafasi ya kusema, orodha hujipanga yenyewe.

Muhtasari uandikwe papo hapo, usomwe, utiwe saini. Kisha barua. Sisi tunatumia mfano huu, na unaweza kuuchukua kama ulivyo:

Kwa Sheha,
Shehia ya ________

YAH: OMBI LA KUTENGENEZEWA NJIA YA SKULI NA MTARO WAKE

Sisi wakaazi wa kijiji cha ________, katika mkutano wetu wa tarehe ________ (orodha ya waliohudhuria imeambatanishwa), tumekubaliana yafuatayo. Njia itokayo msikitini hadi skuli, yenye urefu wa mita ____, imekatika mahali pawili. Pa kwanza pana upana wa mita ____ na kina cha mita ____. Pa pili upana wa mita ____ na kina cha mita ____. Mvua ikinyesha wanafunzi hubaki nyumbani na wagonjwa hubebwa kwa kitanda hadi barabarani.

Sisi tutatoa nguvu kazi ya kuchimba na kufukia, mawe gari ____ za ng'ombe, na chakula cha mafundi. Tunaomba makalavati ____, saruji mifuko ____, na mtaalamu wa Baraza aje kupima kabla ya tarehe ________.

Nakala: Diwani wa Wadi ya ________

Tazameni pale panaposema "sisi tutatoa". Hapo ndipo barua inapopata nguvu. Baraza la Mji lina maombi ya shehia nyingi na fedha chache, na ombi ambalo mawe yake yameshapangwa kando ya njia ni rahisi kulitetea kuliko lile linalosubiri kila kitu. Kwa hiyo mawe yasombwe kwanza, kabla jibu halijaja. Hata jibu likichelewa, mawe hayo yatajaza shimo na watoto watapita.

Barua ifike kabla Disemba haijaisha. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, bajeti hujadiliwa Baraza la Wawakilishi mwezi wa Mei na Juni, lakini ofisi za chini hupanga mahitaji yao miezi mingi nyuma. Ukipeleka ombi Aprili, unaomba fedha ambazo zimeshapangiwa pengine. Nakala yenu igongwe muhuri na iandikwe tarehe ya kupokelewa. Bila hivyo hamna pa kuanzia mkirudi kuulizia. Kwa vitu vidogo, kama mabati, saruji au pampu, ulizieni pia fedha za mfuko wa jimbo, za Mbunge na za Mwakilishi. Kamati ya shehia ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, nayo iulizwe, kwa kuwa kazi za ajira za muda za walengwa huweza kuelekezwa kwenye njia na mitaro.

Fedha za wananchi wenyewe zina kanuni moja tu kwetu: anayepokea si anayenunua. Mpokeaji anaandika jina na kiasi, mnunuzi analeta risiti, na katibu anasoma hesabu mbele ya watu Ijumaa baada ya sala. Ukurasa wa daftari hupigwa picha ukatumwa kwenye kundi la WhatsApp, maana watoto wetu walioko Unguja, Dar es Salaam na Maskati ndio wachangiaji wakubwa, na mtu aliye mbali akiona jina lake na saruji aliyoinunua, mwakani hasubiri kuombwa.

Mchanga na boriti vina sheria. Mchanga hauchimbwi popote mtu apendapo. Ni katika maliasili zisizorejesheka, na unahitaji kibali. Wa pwani usiuguse kabisa: una chumvi, unakula nondo na kuutia ukuta unyevu usiokauka, na ufukwe ukichimbwa bahari huingia mashambani. Nchi yetu imeshapoteza mabonde ya mpunga kwa maji ya chumvi, na mikoko ndiyo kinga iliyobaki. Boriti za mikoko nazo zina kibali cha misitu. Kikichelewa, tumieni mti wa shamba uliokauka vizuri na kupakwa oili chafu kwenye mguu ili mchwa wasiupande.

Kalavati lenyewe, bomba la kupitishia maji chini ya njia, si kazi ya kutisha. Lilale na mteremko kuelekea maji yanakokwenda, likae juu ya kitako cha mawe yaliyoshindiliwa, na kila mdomo ujengewe ukuta wa mawe na saruji. Bila kuta hizo maji huchimba ubavuni, na kalavati hubaki limening'inia. Zege liwe saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, na limwagiwe maji siku saba. Wekeni zamu ya kumwagilia kwa majina.

Sasa nyumba. Sijui mradi wa Serikali ambao mtu wa kijijini anakwenda kuandikishwa akatengenezewa nyumba mbovu tu kwa kuwa ni mbovu. Nyumba ikianguka kwa mafuriko au upepo, kamati ya maafa ya shehia iandike siku hiyo hiyo na taarifa ifike wilayani, kwani Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar inafanya kazi kwa taarifa. Lakini nyumba inayooza pole pole ni yetu wenyewe.

Orodha mnaweza kuianzia kwa wazee. Pencheni Jamii ilipoanza mwaka 2016 kwa waliofika miaka 70, kila shehia ilibidi ijue wazee wake ni nani na wanakaa wapi. Msiishie hapo, kwa sababu mjane wa miaka 40 mwenye mtoto mwenye ulemavu hayumo katika orodha hiyo. Pangeni kwa hatari: ukuta utakaomwangukia mtu usiku uje mbele ya paa linalovuja sebuleni. Mwanakamati ambaye jamaa yake anajadiliwa atoke nje.

Kisha muombeni mwenyewe ruhusa, kwa sitara. Msimtaje mkutanoni kabla hajakubali. Kwetu huenda mama mtu mzima mmoja na mimi, magharibi ikikaribia, tunakaa barazani, tunaulizana hali kwanza. Maneno yenyewe ni haya: "Bibi, tumekuja kukuomba. Vijana wanataka kazi ya thawabu, na ukuta wako wa nyuma unatutia hofu." Mara nyingi jibu ni, "Basi mwanangu, mie nitawapikia nini?" Msimkatalie. Akitoa nazi mbili za kuungia mchuzi, zipokeeni, kwa kuwa nyumba ni yake na yeye ndiye mwenyeji wa kazi hiyo.

Kuna jambo la kuandikiana ambalo watu huliona aibu. Wengi wetu tumejenga katika mashamba ya watu kwa ruhusa ya mdomo. Kabla hamjaweka jiwe, mwenye shamba au warithi waweke saini mbele ya Sheha kwamba matengenezo hayabadilishi umiliki na mkaazi hatahamishwa baada ya nyumba kupendeza. Mkitaka kuongeza chumba au kusogeza msingi, piteni Baraza la Mji kwanza kuulizia kibali cha ujenzi.

Kazi inaanzia juu. Kukandika ukuta chini ya paa bovu ni kupoteza udongo. Kama ni makuti, kagua kombamoyo na pau, yaani miti inayobeba makuti, kwanza, badilisha zilizoliwa, ndipo ufunge makuti mapya. Kama mmepata mabati, chagueni geji 28, ambayo ni nene zaidi, badala ya 32 kwa nyumba iliyo karibu na bahari, na msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni maji yanapopita. Upenu utoke nje si chini ya sentimita 60. Upenu mrefu ndio unaouweka ukuta wa udongo hai, na ndio wa kwanza kukatwa watu wanapobana mabati. Bora chumba kimoja kibaki na makuti kuliko nyumba nzima kukosa upenu.

Nguzo zikioza chini, badilisha moja moja huku umeegemeza paa kwa mwegamo. Tundika timazi, ile kamba yenye uzito, uone ukuta umelala kiasi gani kabla hujaugusa. Udongo wa kukandikia uchambuliwe mizizi, urowekwe, ukanyagwe, ulale usiku. Mkono wa kwanza ujaze fito na uachwe ukauke mpaka upasuke. Mkono wa pili ndio unaoziba nyufa. Anayekandika mikono yote siku moja atarudi masika yakiisha.

Na ukuta wa udongo usipigwe plasta ya saruji. Najua inapendeza, najua mtoto wa Dar ameshatuma fedha. Saruji ni ngumu, udongo unacheza, na unyevu ukinasa katikati, plasta hubanduka vipande vipande na kuondoka na udongo wake. Mji Mkongwe kuta za mawe na chokaa zimeharibiwa kwa njia hiyo hiyo. Tumieni chokaa. Saruji iwekeni chini, kwenye kitako cha mawe kuzunguka nyumba, pale matone ya upenuni yanaporuka na kuutafuna ukuta, pamoja na mtaro mdogo wa kuyatoa maji.

Siku ya kazi, vifaa vyote na mapipa ya maji viwepo tangu jana yake, na amri iwe ya fundi mmoja. Watu thelathini wenye mafundi watatu hubomoa zaidi ya wanavyojenga.

Saruji iliyobaki isiachwe sakafuni kwa mtu. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, iandikwe katika daftari, na itumike katika nyumba inayofuata kwenye orodha kabla haijaganda.