Jinsi ya Kuomba Kujiunga na Makadeti wa NCC Chuoni India: Mwongozo kwa Waliolelewa Afrika Mashariki na Ghuba

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vijana wenye uraia wa India waliokulia Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Muscat, ambao wamepata nafasi ya mwaka wa kwanza katika chuo cha India na wanataka kujiunga na Kikosi cha Taifa cha Makadeti, kinachojulikana nchi nzima kwa jina la NCC. Nimepitia njia hiyo hiyo nikiwa na pasipoti ya India na vyeti vya shule vya Tanzania. Wengi huandikiana kuhusu mbio na gwaride, ilhali kinachomkwamisha mtu aliyetoka nje ni majina yaliyo kwenye karatasi zake na akaunti yake ya benki. Mambo hayo mawili yakishughulikiwa kabla ya siku ya uteuzi, yaliyobaki yanabebeka.

Kwa wazazi watakaosoma, NCC haifanani na JKT. Kadeti hubaki mwanafunzi, hufanya mazoezi katika siku zilizopangwa na chuo na batalioni, huenda kambini kwa muda mfupi, na hana wajibu wowote wa kisheria wa kuingia jeshini baadaye. Kikosi kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1948. Kwa wanafunzi wa vyuo kilifanywa cha lazima mwaka 1963, baada ya vita na China, kisha kikarudishwa kuwa cha hiari mwaka 1968, na hivyo ndivyo kilivyo hadi leo. Vyuoni kuna tawi la wavulana, liitwalo SD, na la wasichana, liitwalo SW, na mafunzo hugawanywa kati ya jeshi la nchi kavu, la majini na la anga. Chuo kimoja mara nyingi huwa na upande mmoja tu kati ya hizo tatu, kwa hiyo anayetamani jeshi la majini na aulize kabla hajachagua chuo.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni uraia. Kanuni za NCC huruhusu raia wa India na raia wa Nepal pekee. Mwenye kadi ya OCI, ile wanayopewa watu wa asili ya India wenye uraia wa nchi nyingine, si raia, hata kama babu na bibi zake wamezikwa Gujarat, na Mtanzania au Mkenya aliyekwenda India kwa ufadhili wa masomo hawezi kuandikishwa hata afisa wa chuo ampende namna gani. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimeona wanafunzi wa kigeni wakiachwa wafanye mbio zote na usaili wote, wakaja kukataliwa kwenye hatua ya makaratasi, na hakuna aliyewaomba radhi. Kadi ya Aadhaar, kitambulisho cha India chenye namba ya mtu, haiwezi kumsaidia mtu hapa, kwa kuwa mgeni mkaazi naye anaweza kuipata na haithibitishi uraia. Chukua pasipoti yako ya India. Umri wa juu kwa upande wa vyuo ni miaka 26, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hilo si tatizo.

Maombi hayapelekwi Delhi wala kwenye ofisi ya mkoa. Yanaanzia kwa mhadhiri wa chuo chenu aliyepewa dhamana ya kikosi, ambaye kila mtu humwita ANO. Mtafute katika wiki ya kwanza ya masomo. Uandikishaji hufanyika mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na nafasi zinazojazwa ni zile zilizoachwa na makadeti waliomaliza, kwa hiyo hata baada ya serikali kuidhinisha mwaka 2024 nafasi mpya 300,000 zitakazofikisha makadeti wote milioni 2, katika chuo kimoja kimoja ushindani bado ni mkali. Tangazo hubandikwa kwenye ubao au hutumwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo mwanafunzi mgeni hajaunganishwa nalo bado. Muulize pia kama kikosi chenu kinagharamiwa na serikali au kinajigharamia, maana kuna vyuo vinavyoendesha NCC kwa mpango wa kujilipia, na ni haki yako kujua gharama kabla ya kusaini.

Sasa tuje kwenye majina, na hapa naomba msomaji atulie. Vyeti vya Afrika Mashariki kwa kawaida hubeba majina matatu: la mtoto, la baba na la babu au la ukoo. Pasipoti ya India hutenganisha jina la kupewa na jina la ukoo, na aghalabu jina la baba halimo katikati. Aadhaar ya Mhindi anayeishi nje hutolewa kwa kufuata pasipoti. Matokeo yake ni kwamba kijana mmoja anafika mbele ya karani wa batalioni akiwa na cheti cha kidato cha nne chenye majina matatu, Aadhaar yenye majina mawili, na kitambulisho cha chuo kilichofuata cheti cha shule. Kwa karani, hao ni watu wawili. Karani hakosei kwa kuuliza, kwa sababu jina litakaloingizwa kwenye mfumo ndilo litakaloandikwa kwenye vyeti vyako miaka miwili na mitatu baadaye, na cheti chenye jina tofauti na la shahada kitakusumbua mbele ya kila bodi utakayokwenda.

Ushauri wangu ni kuchagua jina moja na kulifuata kila mahali, na kwa mtu wa hali yetu jina hilo ni la pasipoti. Mwambie msajili wa chuo aandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti tangu siku ya udahili, pale unapowasilisha hati ya ulinganifu wa masomo kutoka AIU, jumuiya ya vyuo vikuu vya India. Kisha andaa hati ya kiapo kwenye karatasi ya stempu, iliyothibitishwa na notari, inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na utengeneze nakala za kutosha. Usikimbilie kubadili jina kwenye Aadhaar ili lifanane na cheti cha shule, kwa sababu jina huruhusiwa kubadilishwa mara mbili tu katika maisha yote na tarehe ya kuzaliwa mara moja. Kuhusu tarehe hiyo, waliosoma katika shule za mtaala wa CBSE, bodi ya elimu ya sekondari ya India, ziwe za India au za Ghuba, hutumia cheti chao cha darasa la 10, ambacho huionyesha. Sisi wengine tubebe cheti halisi cha kuzaliwa pamoja na pasipoti.

Kama huna Aadhaar, fahamu kwamba tangu mwaka 2019 Mhindi anayeishi nje na mwenye pasipoti hai anaweza kuomba mara tu anapofika, bila kungoja siku 182 kama ilivyokuwa zamani. Nunua kwanza laini ya simu ya India, kwa sababu namba za siri za uthibitisho hutumwa huko, na laini ya Dar es Salaam haitakufaa.

Hatua iliyonigharimu kuliko zote ni ya benki. Posho ya sare sasa huingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kadeti, na mfumo huitafuta akaunti kwa kutumia namba ya Aadhaar. Katika tawi moja la benki nilihakikishiwa kwamba akaunti yangu imeunganishwa na Aadhaar na kwamba hakuna zaidi cha kufanya. Ilikuwa imeunganishwa kweli, lakini kwa ajili ya kumtambua mteja tu. Kupokea fedha za serikali ni jambo la pili na lina idhini yake: benki inapaswa kuandikisha akaunti hiyo kwenye orodha ya NPCI, shirika linalosimamia malipo ya taifa, na fedha hupelekwa kwenye akaunti iliyoandikishwa mwisho kwenye orodha hiyo. Wenzangu walikwisha kuvaa sare, na mimi bado napanga foleni dirisha lile lile nikipewa jibu lile lile.

Kwa hiyo, unapokwenda benki usiseme unataka kuunganisha Aadhaar. Sema unataka akaunti yako iandikishwe kupokea malipo ya serikali kwa njia ya Aadhaar, omba fomu ya idhini, ijaze hapo hapo, na udai nakala iliyogongwa muhuri. Kisha usitegemee neno la mtu yeyote. Ingia kwenye tovuti ya Aadhaar kwa namba yako na namba ya siri itakayotumwa kwenye simu, ufungue sehemu inayoonyesha hali ya akaunti ya benki, na uone kwa macho yako kwamba benki iliyotajwa ni hiyo na hali yake ni hai. Kama wazazi walikufungulia akaunti nyingine India ulipokuwa mtoto, angalia isije ikawa hiyo ndiyo iliyoandikishwa. Hata mambo yakienda vizuri, weka akiba ya kununulia buti na sare, kwa kuwa gwaride halisubiri posho.

Fomu yenyewe haina ugumu, isipokuwa sehemu chache zinazomshangaza aliyekulia nje. Inauliza stesheni ya reli na kituo cha polisi vilivyo karibu na nyumbani. Andika vya anwani ya kudumu ya India, ile iliyo kwenye pasipoti au ya ndugu atakayekubali kupokea barua. Inauliza kundi la damu na alama ya mwilini ya kukutambulisha, kwa hiyo pima damu mapema. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji saini ya mzazi, na kila kadeti atatakiwa tena kuleta ridhaa ya mzazi kabla ya kambi. Mzazi akiwa Mombasa, muulize ANO mapema kama mlezi aliyeko India anakubalika, na kama hakubaliki, mtumie mzazi fomu aisaini na kuirudisha kabla muda haujabana.

Siku ya uteuzi kuna kupimwa urefu, mbio za mita 1,600, pushapu, mtihani mfupi wa maarifa ya jumla na usaili. Fanya mazoezi kwa wiki kadhaa na ule asubuhi. Amri za gwaride hutolewa kwa Kihindi, na aliyekua akizungumza Kigujarati nyumbani na Kiswahili barabarani anapaswa kujifunza angalau kusimama sawasawa, kulegea, na kugeuka kulia na kushoto. Wakufunzi hutoka jeshini, nao huitwa ustaad. Nimewaona wakiwa wavumilivu sana kwa anayejitahidi.

Ukishaandikishwa utapewa namba ya kadeti. Siku hiyo hiyo linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba kwenye orodha ya batalioni, kwa kuwa kosa likigunduliwa mapema hurekebishwa na ANO, na likigunduliwa wakati wa mtihani hupita ofisi nyingi.

Baada ya hapo mahudhurio ndiyo kila kitu. Cheti cha B, kinachofanyiwa mtihani mwaka wa pili, hudai asilimia 75 ya vipindi na kambi moja. Cheti cha C hudai cheti cha B, mahudhurio ya mwaka wa tatu na kambi mbili. Kambi ya mwaka huchukua takriban siku 10 na mara nyingi huangukia likizo, wakati ambao sisi huwa tumekwisha kununua tiketi ya kurudi nyumbani. Usikate tiketi kabla ANO hajakupa tarehe za kambi. Jambo hili nalisisitiza hasa kwa wanaolenga uofisa: mwenye cheti cha C cha daraja la B au A, shahada ya alama zisizopungua asilimia 50 na umri wa miaka 19 hadi 25 anaweza kuitwa moja kwa moja kwenye usaili wa jeshi bila mtihani wa maandishi, kwa nafasi ya mafunzo katika chuo cha maofisa cha Chennai, na mlango huo uko wazi kwa wavulana na wasichana. Kambi moja iliyokosekana mwaka wa kwanza inaweza kuufunga.

Ukihamia chuo kingine kabla ya kumaliza, omba barua ya uhamisho wa kadeti kutoka batalioni kabla hujaondoka mjini, ikiwa na namba yako, vipindi ulivyohudhuria na kambi ulizofanya.