Ku- moja, maumbo mawili: kufundisha "-ing" na "to" kwa kueleza nchi

Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili akiandika "I enjoy to visit Zanzibar" badala ya "I enjoy visiting Zanzibar", usimwone mzembe. Katika lugha yake ku- inafanya kazi zote: kusafiri kunachosha, napenda kusafiri, alikaa mwaka bila kusafiri, wakati wa kusafiri. Umbo ni lilelile. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kati ya jerandi, yaani umbo la "-ing", na infinitivu, yaani umbo la "to". Kisha kuna kitenzi kitupu, kisicho na kimojawapo.

Kwa hiyo somo lisianze na orodha ndefu ya vitenzi vya Kiingereza vya kukariri. Lianze na ku- yenyewe, na swali moja ambalo utalirudia mpaka wanafunzi walitamke kabla yako: ni neno gani limeitangulia ku-? Mara nyingi jibu la umbo la Kiingereza liko hapo.

Mada ya nchi inalifaa somo hili kwa sababu huwezi kuieleza nchi bila kutaja inajulikana kwa nini, watu huenda kufanya nini, ni wakati gani mzuri wa kwenda na nini kinaruhusiwa. Miundo yote inajileta yenyewe. Pia wanafunzi wanakuja na maarifa ya Jiografia, hivyo akili yao inabaki kwenye lugha.

Maandalizi

Tenga vipindi viwili vya dakika 40. Unahitaji ramani ya Afrika na karatasi mbili za manila. Kunja kila karatasi mara nne, ikate kwenye mikunjo, upate kadi 16. Mbili zinakupa 32. Darasa la wanafunzi 50 ligawe katika makundi kumi, kila kundi kadi tatu, na mbili zibaki kwako za kuonyeshea mfano. Upande mmoja wa kadi andika mwanzo wa Kiswahili, kwa mfano "inajulikana kwa ku-", na upande wa pili Kiingereza chake, "is known for". Umbo linalofuata usiliandike. Hilo ndilo watakalolitafuta.

Kipindi cha kwanza

Andika sentensi hizi sita ubaoni, kwa Kiswahili tu:

Kusafiri kwa meli kunachukua muda mrefu.
Ethiopia inajulikana kwa kulima kahawa.
Wanariadha wengi huenda Iten kufanya mazoezi.
Ni vigumu kupanda Kilimanjaro bila kujiandaa.
Wageni wanaweza kuwaona sokwe wa milimani nchini Rwanda.
Julai hadi Oktoba ni wakati mzuri wa kuwaona nyumbu Maasai Mara.

Waambie wapigie mstari kila ku- ya kitenzi-jina, yaani kitenzi kinachotaja tendo lenyewe kama jina. Zipo saba. Wengine watapigia mstari hata "kunachukua", na hapo umepata zawadi: hiyo ni ku- ya upatanisho, na utaihitaji baada ya dakika chache. Ila usiweke ubaoni sentensi zenye "hakuenda" wala "nitakupeleka". Ku- hizo ni za kazi nyingine, na zitakulia robo ya kipindi.

Sasa andika Kiingereza chini ya kila sentensi: "Travelling by ship takes a long time." "Ethiopia is known for growing coffee." "Many runners go to Iten to train." "It is hard to climb Kilimanjaro without preparing." "Visitors can see mountain gorillas in Rwanda." "July to October is a good time to see wildebeest in the Maasai Mara." Chora safu tatu: "-ing", "to", na tupu. Wanafunzi wapange vitenzi vyote saba katika safu hizo, halafu mtazame pamoja kilichotangulia kila ku-.

Ku- inayofungua sentensi ikiwa kiima inakuwa "-ing". Hapa ndipo "kunachukua" inapofaa. Mwanafunzi anajua kwamba "kutembelea mbuga kunagharimu" hakupatani na mbuga, kunapatana na kule kutembelea. Kiingereza nacho kinaona kitu kimoja: "Visiting the parks costs a lot." Asiyeelekezwa hivi ataandika "Visiting the parks are expensive" kwa kuvutwa na wingi wa "parks".

Ku- inayofuata "kwa", "bila", "kabla ya", "baada ya" au "badala ya" inakuwa "-ing" pia. Hii ndiyo kanuni isiyokuangusha, kwa hiyo ipe muda mwingi kuliko nyingine. Makosa yake ni mawili: "famous for grow coffee" na "famous for to grow coffee".

Ku- ya kusudi inakuwa "to" peke yake. Mpime mwanafunzi kwa swali "wanakwenda kufanya nini?" Tatizo ni kwamba Kiswahili huweza pia kusema "kwa ajili ya kufanya mazoezi", na mwanafunzi akiitafsiri "kwa ajili ya" anapata "for to train". Weka sentensi mbili za Kenya bega kwa bega: "Kenya is famous for producing long-distance runners" na "Runners go to Iten to train." Ya kwanza inataja sifa ya nchi, ya pili inataja kinachowapeleka watu kwenye mji ule ulio juu kiasi cha mita 2,400. Mkishatofautisha sifa na kusudi, nusu ya kazi ya wiki imekwisha.

"Ni rahisi", "ni vigumu", "ni lazima" huleta "It is" na "to". Kosa la kawaida hapa liko mwanzoni mwa sentensi, kwa kuwa "ni" ya Kiswahili haihitaji kitu mbele yake: "Is easy to reach Arusha." Kila mara dai "It".

"Kuweza" huleta kitenzi kitupu. "Can to see" hufutika haraka ukiwafanya waseme kwa sauti sentensi tano mfululizo za "you can see, you can climb, you can buy".

Mtego wa "wa" na "ya"

Sentensi ya sita ndiyo ngumu kuliko zote, na vitabu vingi huipita. Mwanafunzi aliyeelewa "kabla ya kusafiri" kuwa "before travelling" ataona "wakati wa kutembelea" na kuandika "time of visiting". Ametumia kanuni kwa uaminifu, na bado amekosea, kwa sababu "time", "place" na "chance" hupenda "to": "the best time to visit", "a good place to swim", "a chance to see". Lakini "gharama ya kuingia" ni "the cost of entering" na "hatari ya kupotea" ni "the risk of getting lost". Usijaribu kuwapa kanuni itakayoyafunika yote. Wafundishe matatu ya kwanza kama vipande vizima, na mengine yaje yanapohitajika.

Vitenzi vya kujua kwa moyo

Ku- ikifuata kitenzi kingine, hakuna alama ya Kiswahili itakayomwokoa mwanafunzi. Hapa kukariri ni lazima, ila orodha iwe fupi. Kwa "-ing" toa "enjoy", "avoid", "consider", "recommend" na "spend" pamoja na muda wake: "Many Rwandans spend the last Saturday morning of the month cleaning their neighbourhoods." Hiyo ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii nchini Rwanda, na wanafunzi wengi wameisikia. Kwa "to" toa "want", "hope", "plan", "decide", "need". "Like", "love", "start" na "continue" hukubali yote mawili, lakini "would like" ni "to" tu, na wengi huteleza hapo.

"Stop" ipe dakika zake tano. "Drivers stop to buy oranges" maana yake wanasimama ili wanunue. "Drivers stopped buying oranges" maana yake wameacha kununua. Kiswahili kinatenganisha kwa vitenzi viwili, kusimama na kuacha, kwa hiyo mwanafunzi akiuliza "amesimama au ameacha?" anapata umbo papo hapo.

"Worth" inahitaji onyo la aina yake. Sisi husema mahali panastahili kutembelewa, kwa kauli ya kutendwa, na mwanafunzi huandika "worth to be visited". Kiingereza husema "worth visiting" bila kutendwa.

Halafu kuna "to" ambayo si ya infinitivu. Katika "look forward to" na "get used to", neno hilo ni kihusishi, kama "for" na "without", na baada ya kihusishi huja "-ing". Mfano mzuri uko mipakani mwetu: Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. "Tanzanian drivers in Rwanda must get used to driving on the right." Njia ya kupima ni kuweka nomino mahali pa kitenzi. "Get used to the road" inakubalika, basi "to" hiyo ni kihusishi. "Want to the road" haikubaliki.

Ukanusho ni mwepesi: "not" hukaa mbele ya umbo zima. "Kutochelewa" ni "not to be late" au "not being late". "To not" wataisikia kwenye filamu. Katika insha ya mtihani waiepuke.

Matamshi pia yasiachwe. Wengi hutamka mwisho wa "visiting" kama "-ingi", kwa g ya ngoma na irabu ya kuegemea. Sauti inayotakiwa tunayo tayari: ni ng' ya ng'ombe. Waambie waanze kusema ng'ombe, wasimame kwenye ng', kisha waiweke mwisho wa neno bila kuongeza chochote.

Kipindi cha pili

Anza na kadi. Kila kundi lina dakika nne za kuziweka kadi zake kwenye safu ubaoni na kumalizia sentensi moja kwa kila kadi kuhusu nchi watakayoichagua kwenye ramani. Kisha soma aya hii ya mfano:

"Rwanda is known for protecting mountain gorillas. Many visitors come to see them in Volcanoes National Park, but tracking them requires a permit. On the last Saturday of the month people gather to clean their neighbourhoods. Visitors from Tanzania must get used to driving on the right. Rwanda is worth visiting, and June to September is a good time to go."

Wahesabu: "-ing" nne, "to" tatu, na kitupu kimoja kinachofuata "must". Mmoja atahesabu "to" ya "used to driving" pia. Mwachie mwenzake amrekebishe.

Kabla ya kuandika ya kwao, waisahihishe aya hii yenye makosa sita:

"Oman is famous for to produce frankincense. Is easy to travel from Muscat to Nizwa. Tourists enjoy to visit the forts. Visiting the forts are interesting. You can to see turtles at Ras al Jinz. I look forward to go there."

Majibu ni "producing", "It is easy", "visiting", "is interesting", "can see" na "going". Wakipata manne bila msaada, waandike. Wakipata chini ya hapo, rudi kwenye sentensi sita za jana kabla ya kuendelea.

Kazi ya mwisho ni aya ya sentensi sita hadi nane kuhusu nchi moja, yenye "-ing" tatu na "to" tatu angalau. Dakika 15 zinatosha. Mwanafunzi asiandike jina la nchi. Aache pengo, ili mwenzake asome na kukisia. Asiyeweza kukisia ana haki ya kudai sentensi moja zaidi, na hiyo humlazimisha mwandishi kutoa undani badala ya "it is a beautiful country".

Unaposahihisha, gusa maumbo haya tu, hata kama vifungu na tahajia vinakukera. Alama kumi: sita za maumbo, mbili za kupatana kwa kitenzi, mbili za undani wa nchi. Kwenye kosa usiandike jibu. Andika pembeni neno la Kiswahili lililotangulia ku-, kwa mfano "kwa" au "bila", mwanafunzi arekebishe mwenyewe na akurudishie daftari kesho yake.