Kabla hujachukua fomu ya serikali ya wanafunzi

Ukitaka kugombea chuoni, usianze na cheo. Anza na kero inayokukera kweli, kisha uliza ni nani mwenye nafasi ya kuishughulikia.

Vipindi vinagongana, alama za majaribio hazibandikwi, mhadhiri haonekani? Hiyo ni kazi ya CR, yaani mwakilishi wa darasa, anayeingia ofisini kwa mhadhiri na mkuu wa idara bila kupitia kwa mtu. Wengi wanaudharau u-CR; kwangu mimi ndio wenye matokeo ya haraka kuliko vyote. Kama kinachokuuma ni matumizi ya michango ya wanafunzi, gombea ubunge katika bunge la wanafunzi, maana bajeti hupita huko.

Mikopo ni habari nyingine. Kwenye vyuo vyetu vingi Tanzania, waziri wa mikopo, yule anayehangaika na majina yaliyokosekana siku ya kusaini bumu (fedha za mkopo za kujikimu), huteuliwa na rais wa wanafunzi. Hapigiwi kura. Ukiutaka uwaziri huo, jiunge na timu ya mgombea urais mapema.

Katiba ya serikali ya wanafunzi iombe kwa Mshauri wa Wanafunzi. Soma sifa za mgombea, hasa GPA (wastani wa alama), na uangalie kama field yako, yaani mafunzo kwa vitendo, haiangukii katikati ya muhula wa uongozi.