Kujichoma sindano ya uzazi wa mpango: niliyojifunza katika sindano kumi na moja

Sindano yangu ya kwanza bila usimamizi niliiharibu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mlango nimeufunga. Nilisukuma kifuniko nusu tu nikadhani kimefika. Nilipobonyeza, dawa haikutoka. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, wapi. Nikaichomoa nikiwa natetemeka, sijui kama nina kinga au sina. Kesho yake nilimpelekea kile kifaa muuguzi aliyenifundisha. Alikitazama mara moja tu, akaniwekea kidole penye upenyo mwembamba kati ya kifuniko na shingo ya plastiki. "Upenyo huu ukiuona," akasema, "dawa bado imefungwa." Akanipa kingine, nikajichoma mbele yake. Tangu siku hiyo nimejichoma nyingine kumi, na hakuna iliyogoma.

Nakuandikia wewe unayefikiria kuanza, au ambaye tayari umekabidhiwa kifaa chako na kila ukikitazama roho inadunda. Kuchoma ni jambo la dakika tano. Kinachohitaji kujipanga ni miezi mitatu inayofuata, kwa sababu sindano ikishaingia haitolewi. Vidonge ukivichoka unaacha, kipandikizi na kitanzi vinatolewa. Hii inabaki mwilini mpaka muda wake uishe. Ndiyo maana nataka uyajue madhara yake kabla hujachoma, usije ukayajifunza ukiwa chooni usiku, na hofu juu.

Dawa yenyewe inaitwa medroksiprojesteroni, homoni inayofanana na projesteroni ambayo mwili hutengeneza. Inazuia yai kukomaa na kutoka, na inafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipite. Ile ya zamani ya kuchomwa kwenye msuli na mhudumu ina miligramu 150. Hii ya kujichoma ina miligramu 104 na inaingia kwenye mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo sindano yake ni fupi. Ninayotumia mimi ni Sayana Press: kipira kidogo cha plastiki laini chenye dawa ndani, shingo ngumu na sindano iliyofunikwa, vyote vimeungana. Kama yako imekuja kwenye bomba la kawaida lililojazwa tayari, namna ya kuifungua ni tofauti. Fuata karatasi yake.

Kabla ya yote, mwambie mhudumu ukweli wa mwili wako

Usiazime kifaa cha rafiki ukaanza kivyako. Wapo wasiofaa kuitumia: mwenye mimba, aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye shinikizo la damu la juu sana (160/100 na kuendelea), aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, mwenye ugonjwa mkali wa ini, mwenye kisukari kilichokwisha kudhuru macho, figo au neva. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu aseme mapema, mhudumu aamue naye kama inamfaa. Na kama unatokwa damu ukeni na hakuna anayejua sababu, sababu itafutwe kwanza. Mwambie pia kama umejifungua juzi: ukiwa unanyonyesha, kwa kawaida unasubiri wiki 6. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anaweza kuitumia, kinga yake dhidi ya mimba haipungui.

Ukianza ndani ya siku 7 tangu hedhi ilipoanza, unakuwa na kinga papo hapo. Ukianza siku nyingine yoyote, ukiwa na hakika huna mimba, tumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo.

Namna ninavyochoma

Nachoma asubuhi ya siku ya mapumziko, nikishaoga, nisiwe na haraka. Nanawa mikono kwa sabuni na kuikausha. Nasoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti, kila mara, hata kama niliisoma siku nilipopewa.

Sehemu za kuchoma ni mbili kwa anayejichoma: tumboni, mbali na kitovu, au mbele ya paja. Pasiwe na kidonda, kovu wala mfupa chini yake. Kama ngozi si safi naiosha na kuiacha ikauke.

Nachana pakiti, nashika kifaa kwenye shingo, natikisa kwa nguvu kwa sekunde 30 hivi. Nahesabu kwa sauti. Dawa ni nyeupe kama maziwa na hutuama chini, kwa hiyo ukitikisa kivivu haichanganyiki. Natazama: imekuwa ya rangi moja? Kipira kinavuja? Kikivuja sikitumii. Na nikisita, labda mtoto amegonga mlango, natikisa upya.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Elekeza sindano juu, shika shingo kwa mkono mmoja na kifuniko kwa mwingine, kisukume kifuniko ndani ya shingo mpaka kigome. Utasikia au utahisi kama kitu kimebofya. Usiamini sikio peke yake, tazama upenyo. Ukiuona, sukuma tena. Upenyo ukishazibika, ndipo unavuta kifuniko na kukiweka kando.

Bana ngozi kwa mkono wa pili iinuke kama hema dogo. Usibane kwa woga; unataka mafuta yainuke pamoja na ngozi. Ingiza sindano moja kwa moja kwa kuielekeza chini, mpaka shingo ya plastiki iguse ngozi yote. Ikigusa nusu, dawa itavuja juu. Kisha bonyeza kipira polepole kwa sekunde 5 mpaka 7, huku bado umebana ngozi. Wengi wanaachia ngozi mapema, mimi pia niliwahi, na nikapata uvimbe mdogo uliowasha kwa siku mbili. Mpangilio ni huu: bonyeza, chomoa, ndipo uachie. Dawa kidogo ikibaki kwenye kipira si tatizo. Na usipasugue. Tone la damu likitokea, lifute taratibu kwa pamba, basi.

Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika, utajichoma kidole. Mimi nina kopo gumu la plastiki lenye mfuniko wa kusokota. Kifaa kinaingia humo palepale, kopo linakaa juu kabatini ambapo mtoto hafiki, na nikienda kuchukua vifaa vipya nalirudisha kwa mhudumu likateketezwe. Usitupe kwenye takataka za kawaida wala chooni, maana anayezoa hizo taka naye ana mikono. Vile ambavyo havijatumika vinakaa kwenye joto la kawaida la chumba, kati ya nyuzi 15 na 30, mbali na jua. Si kwenye friji.

Ikitokea huna uhakika kama dawa imeingia, usijichome ya pili kwa kubahatisha. Tumia kondomu na umwone mhudumu, nenda na kifaa chenyewe.

Tarehe

Sindano ni kila baada ya miezi mitatu. Ukichoma tarehe 15 Januari, inayofuata ni 15 Aprili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuwahi kwa mpaka wiki 2, au kuchelewa kwa mpaka wiki 4 ukabaki na kinga. Karatasi zinazoambatana na dawa hubana zaidi, kwa hiyo usiufanye mwezi ule wa nyongeza kuwa mazoea. Ukiwa na safari, wahi. Ukipita wiki 4, usichome kwanza: tumia kondomu, mwone mhudumu ahakikishe huna mimba, na kama umefanya tendo ndani ya siku 5 zilizopita, uliza kuhusu vidonge vya dharura. Ukichoma, endelea na kondomu siku 7.

Wanawake 100 wakiitumia bila kukosea tarehe, kwa mwaka mzima hata mmoja huenda asishike mimba. Katika maisha ya kawaida, pamoja na kusahau, wanashika kama 4. Tofauti hiyo yote iko kwenye kalenda, na ndiyo maana yangu naiandika kwa kalamu nyekundu saa ileile niliyochoma, kabla sijavaa.

Damu

Hili ndilo linalowafanya wengi waache, na ndilo nililoelezwa kwa sentensi moja tu.

Miezi mitatu ya mwanzo nilitokwa damu bila mpangilio. Matone siku mbili, kimya wiki, matone tena. Safari moja yalikwenda siku 19 mfululizo, si mengi, ila kila siku nilivaa pedi. Nilifikiri nimeharibika. Sindano ya pili yalipungua. Baada ya ya nne, hedhi ikakata kabisa, na hofu ikabadilika sura: damu inakwenda wapi? Shangazi yangu aliniambia inajikusanya tumboni na siku moja itakuja kuwa uvimbe. Nampenda shangazi, lakini jambo hilo halipo. Hedhi ni ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaobomoka baada ya kujijenga. Dawa hii inauacha ukuta ule ukiwa mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kubomoka na hakuna damu inayosubiri mahali. Kwa wanaoitumia mwaka mzima, karibu nusu au zaidi hedhi hukoma. Hata hivyo mwezi wa kwanza bila hedhi nilipima mimba, na sioni aibu. Kipimo kikikupa usingizi, pima.

Kilicho nje ya kawaida ni damu nyingi mara mbili ya hedhi yako, au hedhi nzito ya zaidi ya siku 8. Usivumilie. Zipo dawa za kuipunguza, ibuprofeni ikiwa mojawapo kwa wasio na vidonda vya tumbo, na mhudumu ataangalia kama umepungukiwa damu au kuna sababu nyingine. Mimi nilianza daftari: tarehe, matone au damu, pedi ngapi. Nilipomwonyesha muuguzi zile siku 19, hakuhitaji kuniuliza maswali mengi.

Mengine

Uzito: wengi huongezeka kilo 1 mpaka 2 kwa mwaka. Mimi niliongezeka 4 mwaka wa kwanza, kisha ikasimama. Kuna wasioongezeka hata kidogo. Kichwa kuuma, tumbo kujaa, kizunguzungu na chunusi hutokea. Hamu ya tendo inaweza kupungua, na hili lisemwe kwa mwenzio mapema, asije akajiona amekataliwa. Mood nayo inabadilika kwa baadhi yetu. Ukiona huzuni haikuachi, usingoje miezi mitatu ipite, nenda ukaseme.

Kwenye paja langu la kushoto nina kishimo kidogo kama harage. Mafuta ya chini ya ngozi yalipungua pale, na hakijajaa. Nilikuwa nachoma palepale kila mara. Sasa nazunguka: tumbo kulia, tumbo kushoto, paja kulia.

Mifupa hupoteza uzito kidogo wakati wa kutumia, na sehemu kubwa hurudi ukiacha. Msichana mdogo ambaye mifupa yake bado inajijenga, au mtu anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, ajadiliane na daktari. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa waliona kwamba wanaotumia sindano ya homoni hii zaidi ya mwaka wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata uvimbe wa utando wa ubongo usio wa saratani. Uvimbe huo ni nadra, kwa hiyo hatari kwa mtu mmoja inabaki ndogo, lakini kichwa kinachouma bila kukoma pamoja na macho kubadilika au masikio kuziba si cha kutuliza kwa vidonge nyumbani.

Nenda hospitali haraka pia ukiona hivi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata, macho kuwa manjano, kuona mwanga wa ajabu kabla ya kichwa kuuma, uso kuvimba muda mfupi baada ya kuchoma, au mahali pa sindano pakawa pekundu, pa moto, penye usaha.

Na haikingi UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa. Kulikuwa na wasiwasi kwamba sindano ya homoni hii inaongeza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Utafiti wa ECHO, uliofanyika Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini na kutoa matokeo mwaka 2019, uliilinganisha ile ya kwenye msuli na kitanzi cha shaba na kipandikizi, na haukuona tofauti kubwa. Lakini wanawake wengi waliambukizwa katika makundi yote matatu. Kondomu ina kazi yake.

Ukitaka kuacha

Hakuna cha kufanya zaidi ya kutochoma inayofuata. Uzazi hurudi, ila kwa kuchelewa: kwa wastani mimba hushika kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine husubiri zaidi. Haileti ugumba. Kwa hiyo anayetaka mtoto mwakani aanze kuhesabu mwaka huu.

Sisi tunataka wa pili. Sindano ya kumi na moja nilichoma mwezi uliopita, tumbo kulia, sekunde saba. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu kama kawaida, na miezi mitatu mbele yake, pale ambapo ningeandika ya kumi na mbili, nimeacha wazi.